Zebaki Katika Chumba cha Arubaini

Funguo za stoo nimemkabidhi Achan, kwa kuwa mimi naacha kazi. Ule wa mlango wa nyuma unagoma kidogo: inua kitasa kwanza ndipo uzungushe, usije ukauvunjia ndani halafu ukamsingizia fundi. Nilipomaliza kumweleza hivyo nikaona kumbe yako mengine mengi ninayoyajua ambayo hayana funguo. Madam Nekesa, msimamizi wetu, akasema, "Haboba," yaani bibi, ndivyo wote mnavyoniita, "basi yaandike." Nikamkumbusha kwamba shule yangu ni ile ya jioni ya watu wazima, chini ya turubai kule Kakuma, na mwalimu wetu Ekai nusu ya kipindi alikuwa anafukuza mbuzi. Akasema niandike hata hivyo. Haya, ninaandika. Mtakaposhindwa kusoma mwandiko wangu mniulize, bado niko nyumbani Gudele, sijahamia mbinguni.

Cheo sitakiandika. Mfagizi ana cheo kimoja tu: ama sakafu ni safi, ama si safi.

Kazi niliianzia Kitale, katika hospitali ya huko, nilipotoka kambini na wanangu. Aliyenipokea aliitwa Mzee Barasa, mkubwa wa wafagizi, mtu mfupi mwenye masikio mapana, aliyetembea na tochi mfukoni mchana kweupe. Wanawake wenzangu, Nafula na Mama Chebet, walimcheka kwamba anatafuta mke wa pili. Siku ya kwanza alinipa ndoo na mopu nipige deki ukumbi wa wodi ya wazazi. Nikapiga, nikanyoosha mgongo, nikaona kazi yangu ni nzuri. Akaja, akailaza tochi sakafuni polepole kama mtu anayelaza mtoto, akaiwasha, akapiga magoti nyuma yake. "Njoo uone ulichoacha." Nikapiga magoti. Mwanga ule wa chini ulipita juu ya sakafu ukagonga kila kitu: nywele, punje za wali, michirizi ya sabuni, hata nyayo zangu mwenyewe. Nikarudia ukumbi mzima. Nafula akasema karibu kazini.

Mwezi huohuo Nesi Khadija akaangusha kipimajoto, vile vya zamani vya kioo. Zebaki ikatawanyika chini, vitone vidogo vyeupe vinavyong'aa na kukimbia kama vina miguu. Nilikuwa karibu, ufagio mkononi. Mzee Barasa alinishika kifundo cha mkono kabla sijainama. Akatoa wagonjwa wote, akafunga mlango wa kuingilia wodini, akafungua madirisha ya nje, akamwambia Nesi Khadija avue pete. Nesi akauliza pete imefanya nini. Akamjibu kwamba dhahabu na zebaki zikigusana zinashikana, pete inageuka nyeupe, na kazi ya kumweleza mumewe si ya idara ya usafi.

Halafu akanionyesha. Unailaza tochi chini ndipo unaviona vitone vyote, hata vilivyojificha. Unavisukuma taratibu kwa vipande viwili vya karatasi ngumu mpaka vinaungana kuwa tone moja. Unalivuta kwa bomba la sindano lisilo na ncha, unalitia kwenye chupa yenye maji kidogo, unafunga kifuniko. Vile vidogo sana unavibandua kwa gundi ya karatasi. Ufagio hapana, unavivunja viwe vingi zaidi. Mashine ya kuvuta vumbi hapana, inaipuliza hewani. Sinki hapana, unampelekea jirani. Na moto usikaribie kabisa, kwa sababu zebaki ikipata joto inapanda hewani, haina harufu, huioni, na wewe unaivuta tu huku unaimba. Alinirudisha nyuma kwenye hilo la moto mpaka nikalisema mwenyewe bila yeye. Mzee Barasa alikwisha kufa, Mungu amrehemu. Tochi yake ilizikwa naye? Sijui. Ningekuwa mwanawe ningemzika nayo.

Amani ilipokuja tukarudi kwetu kwa lori kupitia Kapoeta, mimi na wanangu na godoro moja. Juba nilipata kazi hapahapa, kampuni yetu ilipokuwa chumba kimoja Hai Amarat na Madam Nekesa akiwa yeye ndiye karani, dereva na mpishi wa chai. Tulisafisha hoteli na ofisi za mashirika. Mashirika yana mazulia mengi kuliko miguu ya kuyakanyaga. Vumbi la kiangazi na matope mekundu ya masika mnayajua, sitawafundisha. Kuhusu dizeli ya jenereta ikimwagika kwenye zulia, mkumbuke kumwaga udongo mkavu kwanza na kuuacha unywe, kabla ya kukimbilia sabuni. Lado alikimbilia sabuni katika hoteli moja, na zulia lile mpaka leo linanuka kama gari bovu. Lado ni kijana mzuri, ndiyo maana ninamtaja.

Kazi iliyoninyima usingizi ilikuja karibu na mwisho, na haikuwa ya hoteli.

Asubuhi moja tukiwa tunapakia ndoo, akaingia kijana anaitwa Taban, jirani yake Lado kule New Site. Alikulia Kakuma, Kiswahili chake ni kile cha kambini, kinachoenda haraka. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wachimba dhahabu wa upande wa Kapoeta bidhaa: sukari, karai, magodoro, na zebaki, kwa sababu wale huitumia kukamata dhahabu kwenye mchanga. Mkewe, Kiden, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume na alikuwa bado ndani ya arubaini. Taban alikuwa safarini. Aliporudi akaangalia chini ya kitanda, akaikuta chupa yake ya zebaki imelala chali bila kifuniko, tupu. Akamuuliza mama yake. Mama yake akamwambia ilimwagika wiki iliyopita alipokuwa anafagia, akaifagia, kalas, imekwisha.

"Imekwisha imeenda wapi?" Lado akamuuliza.

Taban akatoa simu, akatuonyesha picha ya mkono wa mkewe. Pete ya ndoa ilikuwa nyeupe kama kijiko.

Madam Nekesa alisema wazi kwamba kampuni haifanyi nyumba za watu, na zebaki ndiyo kabisa, hatuna hata chombo cha kupima hewa. Alisema kweli. Akapiga simu kwa nesi mmoja Mkenya wa kliniki anayemfahamu, Nesi Jepkosgei, naye akasema jambo la kwanza ni kuwatoa watu chumbani leo, si kesho, mama na mtoto kabla ya wengine wote, halafu wapelekwe kwake. Madam akakata simu, akatuangalia, akaniangalia mimi. Nikamwambia zebaki ninaifahamu, tulijuana Kitale. Akasema, "Haya. Chukueni gari. Glavu zote."

Njiani nikamwambia Lado tupitie soko la Custom, nilitaka unga wa salfa. Mzee Barasa alikuwa anaunyunyiza kwenye nyufa, unaishika ile zebaki usiyoweza kuifikia. Custom yuko Mganda mmoja, Musoke, anayeuza dawa za kunyunyizia mimea. Nikamuuliza ana salfa? Akasema, "Mama, mimi iko na ile ya nyanya tu." Nikamwambia hiyohiyo. "Lakini wewe nasema ni ya nyumba. Nyumba yako iko na ugonjwa ya nyanya?" Achan akacheka mpaka nikamkanyaga mguu.

Sasa msikilize vizuri hali tuliyoikuta, kwa sababu haimo katika mafundisho ya Kitale.

Kiwanja chao kilikuwa na nyumba ya matofali ya chumba kimoja na sebule, jiko la nje, na tukul, kibanda cha udongo, ambamo alilala mama yake Taban pamoja na mjukuu wake mkubwa, msichana mdogo anaitwa Sande. Mama huyo jina lake ni Idwa, Mlotuko, lakini kila mtu alimwita Mama Taban. Tulizungumza Kiarabu cha Juba. Hapa ninaweka kwa Kiswahili ili Madam naye afuate.

Mlango wa chumba cha Kiden ulikuwa umefungwa. Dirisha limefungwa, na juu yake blanketi. Ndani, kando ya kitanda, jiko la makaa lilikuwa linawaka na ubani juu yake. Mnajua wenyewe mama wa arubaini anavyotunzwa: hatoki, hapigwi na upepo, moto wake hauzimwi, na chumba kinafukizwa asubuhi na jioni. Mimi pia nililala hivyo kwa watoto wangu wote. Mama Taban aliifanya kazi hiyo kwa bidii zote, na siku ile alipofagia chini ya kitanda akaona vitu vyeupe vinaukimbia ufagio na kugawanyika kila anapovigusa, akajua kuna mtu ameitupia nyumba yake ubaya. Kwa hiyo akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwao angefanya. Akaongeza moto. Akaziba dirisha. Akafukiza mara mbili zaidi. Wiki nzima.

Nilisimama mlangoni nikaona Kiden anavyomshika mtoto, vidole vinatetemeka. Alisema kichwa kinamuuma na mdomo una ladha ya msumari. Mtoto alikuwa amelala. Nikatamani aamke alie, nisikie mapafu.

Nikamwambia Mama Taban kwamba huyu binti na mtoto lazima watoke sasa hivi.

"Mtoto hatoki," akasema.

Taban akaanza kumpigia kelele mama yake, eti unataka kuwaua, eti mambo ya zamani. Nikamwambia Taban aende akamsaidie Lado kushusha ndoo. Ndoo zenyewe zilikuwa mbili na tupu, lakini alikwenda. Achan nikamtuma afungue dirisha kwa nje polepole na autoe ule moto chumbani, auweke mbali, upande upepo unakoelekea. Mama Taban aliuona moto unatoka, akainuka. Nikakaa juu ya jerikeni mbele ya mlango, nikamwomba naye akae, nikamwambia mimi ni haboba mwenzake, nina wajukuu, sikuja kumfundisha kulea. Nikamuuliza huyu ni mjukuu wake wa ngapi.

Akasema wa tatu. Wa kwanza alizaliwa Kakuma. Watu wa chakula walitaka wamwone mtoto kwa macho ndipo waandike jina lake kwenye kadi, kwa hiyo wakamtoa kabla ya siku zake, wakasimama naye juani kwenye foleni. Kadi ikaandikwa. Mtoto hakumaliza wiki. "Kadi yake tulikula sisi," akasema. "Hatoki huyu."

Kule ndani Kiden alikuwa anakohoa. Nikafikiria Mzee Barasa angesema nini, nikaona asingesema kitu, angelaza tochi tu. Basi nikamuuliza jambo ambalo nilitaka kweli kulijua.

"Mama Taban, huko kwenu nyumba ikishika moto na mama wa arubaini yuko ndani, mnafanyaje?"

Akanitazama kama nimemuuliza ugali unapikwa na nini. "Moto wake unatangulia. Mtu anaubeba mbele, mama anafuata nyuma ya moshi, amefunikwa. Hapo hajatoka. Amehama na moto wake."

"Basi nyumba hii inaungua," nikasema. "Ila moto wake hauonekani."

Mama Taban akamwita Kiden asogee mlangoni, akaushika mkono wake, akaitazama ile pete, akaisugua kwa kidole gumba. Weupe haukutoka.

"Unaapa?"

"Naapa kwa wajukuu wangu. Poni, Wani, Keji na yule mdogo, Jada."

Akainuka. Jiko la chumbani nilimwambia libaki pale Achan alipoliweka, pamoja na majivu yake, kwa sababu nalo lilikuwa limekaa katika hewa ile. Akachukua jiko jingine, akachota makaa kutoka jiko la nje, akayapuliza, akatupia ubani. Kiden akafunikwa tobe safi kutoka kichwani, mtoto kifuani, na Mama Taban akatangulia kuelekea kwenye tukul yake. Mimi nilikwenda mbele zaidi na tochi. Hiyo ni desturi yetu sisi: hakuna anayeingia pahali kabla ya tochi.

Nikapiga magoti kwenye mlango wa tukul, nikailaza chini, nikaiwasha.

Chini ya kitanda cha Mama Taban kulikuwa na nyota. Sijui niseme namna gani nyingine. Udongo wote wa pale ulikuwa unametameta, na katikati kikopo cha mafuta ya kujipaka, kimejaa nusu. Sande alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa sauti ya kujivunia kwamba wale ni watoto wake, aliwaokota siku haboba alipokuwa anawafukuza na ufagio, na huwa anawalaza hapo. Nikamwomba anionyeshe mikono. Viganja vilikuwa vyekundu vinabanduka ngozi. Nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba ni upele wa joto tu.

Sasa mwone tulivyosimama. Nyuma yetu chumba hakirudiki. Mbele yetu tukul haiingiliki. Kiden yuko katikati ya kiwanja chini ya anga wazi na mtoto wa siku zake, pahali palepale ambapo Mama Taban alikuwa ameapa mtoto huyu hatasimama. Upepo ukavuta tobe. Taban akafungua mdomo, Lado akamshika bega. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, na nawaambia ukweli, nilimwangalia yule mama nikadhani atamrudisha binti ndani, na nikawa ninafikiria nitamshikaje mtu mzima mwenzangu.

Mama Taban aliangalia makaa mikononi mwake. Akaangalia barabara. Ng'ambo aliishi Mama Ayen, Mdinka, ambaye hawakuwa wanaamkiana tangu kuku wa mmoja kula mboga za mwingine. Wa nani na za nani, inategemea unamuuliza nani. Mama Taban akakaza kitambaa kwenye mikono ya jiko, akatoka langoni. Kiden akafuata moshi. Mimi nikafuata nimeshika pindo la tobe lisipeperuke. Boda moja ikasimama kutupisha, na mwenyewe akavua kofia.

Mama Ayen alikuwa kibarazani anachambua maharagwe.

"Mama Ayen," Mama Taban akasema, "nimekuja na moto."

Yule mama alimtazama yeye, akatazama tobe, akaona kilicho chini ya tobe. Akaweka ungo chini.

"Ingia," akasema. "Leo kuku wangu ndio watatoka."

Na kweli wakatoka, kwa teke. Nilipoomba niangalie chumba kwanza kwa tochi, Mama Ayen akauliza mimi ni polisi? Mama Taban ndiye aliyejibu. "Mwache. Hiyo tochi ndiyo imenileta kwako." Chumba kilikuwa safi. Mlangoni tukawavua nguo zote walizokuja nazo, tukawaogesha kwa maji ya moto, tukawavisha nguo za Mama Ayen, ambazo zilimfunika Kiden mara mbili. Mtoto alipoguswa na maji akalia. Alilia vizuri sana. Sande aliogeshwa wa mwisho naye akalia kuliko mtoto, kwa ajili ya kikopo chake. Nesi Jepkosgei alikuja hukohuko nyumbani siku ileile, akawapima chini ya moshi, na hakusema lolote kuhusu moshi. Ni mtu mwenye akili. Mkojo na damu vilipelekwa Nairobi.

Kazi yenyewe ya usafi, hiyo ndiyo ninyi mnaoanza mnaitaka, haina maajabu. Ni magoti tu. Tulivaa glavu na kufunika viatu kwa nailoni. Kila mwenye dhahabu aliivua. Achan alitoa hereni akazificha mahali ambapo hata yeye alisahau. Madirisha yote wazi, na feni ya ofisini tukaiweka dirishani inapuliza nje, jenereta ya jirani inanguruma. Tulifanya kazi asubuhi mapema kabla jua halijapasha bati, kwa sababu joto ni lilelile, liwe la makaa au la mbinguni. Tochi chini, karatasi, bomba la sindano, gundi. Sakafu ya saruji ilikuwa na nyufa, na ufagio ulikuwa umeisukuma zebaki humo ndani. Salfa ya nyanya ikafanya kazi yake. Ufagio wenyewe ulikuwa umejaa vitone ndani ya majani, ukiutikisa unanyesha. Basi usiutikise.

Vitu vinavyonyonya hamuwezi kuvisafisha, msijidanganye wala msimdanganye mwenye nyumba. Godoro, mkeka, blanketi la dirishani, jiko na majivu yake, vyote vilifungwa kwenye nailoni na kutiwa ndani ya pipa. Tukul tulichimba udongo wa sakafu mpaka tochi ikakosa la kusema, tukachukua huo udongo pia. Kiden alitoa kila kitu bila ubishi isipokuwa pete. Nikamwambia kuisugua hakusaidii na kuichoma moto ndio hatari kabisa. Mwishowe aliitia mwenyewe kwenye chupa, akafunga kifuniko, akaigeuza akaiangalia inavyozama. Taban naye alitushangaza. Aliiona ile zebaki tuliyoikusanya kwenye chupa, safi, inang'aa, akauliza kwa upole kama anaweza kurudishiwa, maana si bado nzuri? Lado alimpa tu koleo.

Lile pipa lilikaa kwenye stoo yetu, pembeni, limeandikwa kwa herufi kubwa, mpaka shirika moja linalosafirisha dawa zilizoharibika likalichukua. Wale mliokuwa mnalikalia mkila chapati, nilikuwa nawafukuza kwa sababu hiyo.

Majibu ya Nairobi yaliporudi, Nesi Jepkosgei alisema imo, kwa Kiden na kwa Sande zaidi, kwa Mama Taban kidogo, kwa mtoto kidogo sana. Lakini mwili unaitoa wenyewe ukiacha kuivuta. Wakapimwa tena, imeshuka. Tena, imeshuka. Mikono ya Kiden ilitulia. Viganja vya Sande vilibanduka, vikaota ngozi mpya. Nilimpelekea shanga za kioo za kuchezea. Akazikagua, akasema hizi hazikimbii. Nikamwambia ndiyo uzuri wake.

Arubaini ilimalizikia kwa Mama Ayen, na siku ya mtoto kutolewa nje tulialikwa sote. Kwao haboba wa mtoto ndiye anayefagia njia kutoka mlangoni hadi langoni, halafu mama anatoka, na mtoto anaonyeshwa jua. Watu walikuwa wamejaa, Walotuko upande huu, Wadinka upande ule, kuku pande zote. Mama Taban alitokea na ufagio mpya wa majani, bado wa kijani. Akafika kizingitini, akasimama. Mtoto yuko nyuma yake, watu wanangoja vigelegele.

Akageuka akanitafuta kwa macho katika watu, akanyoosha mkono. Nilielewa anachotaka. Nikaitoa mfukoni nikampa.

Ilikuwa mchana, jua kali, na kuna waliocheka. Yeye akaweka ufagio kando, akapiga magoti kwa shida, mkono mmoja ukutani, akailaza tochi chini kwenye kizingiti, akaiwasha, akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia udongo. Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Hakuna aliyecheka tena. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningekaa, halafu akainuka, akajipangusa magoti, akaushika ufagio na kuanza kufagia.

Tochi hakunirudishia, na mimi sikuidai. Hii iliyo kwenye stoo, ndoano ya juu kulia, niliinunua Custom baadaye. Betri zake zinataka kubadilishwa.